Fremu husema namba ya lenzi kabla ya kusema tabia

Dada, umeuliza kama ni kweli kwamba miwani ya duara humtambulisha msanii na ile yenye ukingo mzito mweusi juu ya macho humtambulisha mtu mkali, kwa sababu unanunua miwani yako ya kwanza, namba yako ya lenzi ni hasi 5.50, yaani huoni vizuri mbali, na hutaki wanafunzi wakuogope. Nimeuza miwani hapa Kisumu, karibu na Oginga Odinga Street, kwa miaka tisa, na nakiri kwamba mwanzoni nami niliwasoma wateja kwa fremu zao. Nilikosea mara nyingi.

Lenzi ya asiyeona mbali huwa nyembamba katikati na nene pembeni, kwa hiyo kadiri fremu inavyopanuka ndivyo unene huo unavyojitokeza. Mwenye namba kubwa kama yako akichagua fremu ndogo ya duara, huenda anakimbia uzito tu, wala hana ushairi wowote moyoni. Vivyo hivyo, mzee anayehitaji lenzi ya sehemu mbili, ya kuonea mbali na ya kusomea, hulazimika kuchukua fremu yenye kimo cha kutosha, nasi tunasema ana haiba ya hakimu.

Pua nayo ina neno lake. Fremu nyingi za plastiki zinazotufikia zimechongwa kwa pua nyembamba, hivyo huteleza, na mvaaji anayezisukuma juu kila dakika huonekana msomi mwenye mawazo mengi, ilhali anapambana na jasho la Kisumu.

Hata sifa tunazozipa mitindo zimetoka kwa watu wachache mashuhuri. Duara la waya tunalihusisha na mwanamuziki John Lennon, lakini huko Uingereza fremu za aina hiyo zilikuwa miongoni mwa miwani ya bei nafuu iliyotolewa na huduma ya afya ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1948. Ule ukingo mzito wa juu tunauona kwenye picha za Lumumba wa Kongo na Malcolm X, mtetezi wa haki za Weusi Marekani, tukaona ukali. Kumbe katika miaka ya 1950 makarani wengi wa Marekani walivaa mtindo huohuo.

Tabia huonekana kwa mtu ambaye namba yake ni ndogo, maana huyo fremu yoyote humkaa, akachagua nyekundu iliyochongoka pembeni kama jicho la paka. Hapo, ndiyo, amependa atazamwe.

Wewe chukua fremu ndogo ya chuma yenye vile vipande laini vya puani vinavyoweza kurekebishwa. Kabla ya kulipa, inama kana kwamba unasahihisha madaftari, kisha cheka. Ikishuka puani au ikigusa mashavu, irudishe.