Mwanangu, hizo namba za maprofesa

Moshi

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza nani akusimamie tasnifu ya kukokotoa uenezi wa malaria: daktari mwenye kipimo cha h cha 41, au mwanahisabati mwenye 12. Wenzako hapo chuoni Tengeru wanakushangaa, eti jibu si liko wazi?

Kipimo hicho kilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch, huko Marekani. H ya 12 maana yake mtu ana makala 12 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 12. Basi. Mojawapo ikinukuliwa mara elfu kumi haimwongezei kitu, na namba yenyewe haishuki hata mwenyewe akiacha utafiti. Makala moja tu iliyotikisa dunia humpa mwandishi h ya 1. Mkumbuke Mtanzania mwenzetu Erasto Mpemba, aliyekuwa akisoma hapo chuo cha wanyamapori Mweka mwaka 1969 ilipotoka makala yake na Denis Osborne kuhusu maji ya moto kuganda mapema kuliko ya baridi. Wanafizikia wanaibishania hadi leo.

Kulinganisha fani mbili kwa namba hiyo ni sawa na kushindanisha kahawa na mahindi kwa kuhesabu madebe. Tiba ina watafiti wengi, makala moja yaweza kubeba waandishi kumi au zaidi, na orodha za marejeo ni ndefu, kwa hiyo nukuu humiminika. Wanahisabati huandika wawiliwawili, hutaja kazi chache, na makala yaweza kukaa miaka mingi kabla haijaanza kunukuliwa. Hirsch mwenyewe aliandika kwamba wanabiolojia huwa na h kubwa kuliko wanafizikia. Na fizikia nayo ina vituko: makala ya mwaka 2015 ya kupima uzito wa chembe ya Higgs ina waandishi 5,154. Kati ya kurasa zake 33, kurasa 24 ni majina yao na taasisi zao! Kila mmoja anaihesabu kuwa yake.

Tena kunukuliwa sana si lazima kuwe ndiko kugundua makubwa. Makala ya mwanabiokemia Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951 imepita nukuu 300,000 kwa kuwa inaeleza namna ya kupima protini, na maabara zilizoitumia njia hiyo ziliitaja.

Nimezipitia orodha ulizonitumia. Za daktari, kwa miaka ya karibuni jina lake liko katikati ya majina ishirini, wakati kwenye tiba kiongozi wa kazi huwekwa mwishoni kwa kawaida. Za mwanahisabati ni chache, lakini tatu kaandika na wanafunzi wake. Mimi naelekea kwake. Ila kabla hujajaza fomu, watafute hao wanafunzi, waulize rasimu ya sura hukaa kwake muda gani kabla ya kurudi. Daktari mwombe awe msimamizi wa pili. Takwimu za wagonjwa utazihitaji.

Mama yako