Mzimu wa mume mbona hauumizi?

SWALI: Ndugu mhariri, naandika hadithi ya maneno 2,000 kuhusu mjane wa Tanga aliyemo edani. Marehemu mumewe anamtokea tangu aya ya kwanza, wanazungumza, anamfariji. Wenzangu walioisoma wanasema hawakusikia uchungu wowote. Nimekosea wapi? – Msomaji, Muheza

JIBU: Umemrudisha marehemu kabla hajaondoka. Msomaji hajaonja pengo, tayari umeshaliziba. Robo ya kwanza, kama maneno 500, iache iwe ya nyumba isiyo na mtu yule: mjane anapakua sahani ya pili kwa mazoea, kisha anaurudisha wali sufuriani punje kwa punje. Baada ya hapo ndipo mzimu uje.

Halafu mnyamazishe. Maneno ya faraja ni kazi ya waliokuja kuhani, na hao anao tele ukumbini. Marehemu mpe jambo moja tu la kimwili, lijirudie mara 3, kila mara kwa uzito mpya. Kwako wewe harufu ingefaa zaidi, kwa sababu ya eda yenyewe: miezi 4 na siku 10 mjane hajitii manukato. Mara ya kwanza udi unukie kwenye kanzu iliyotundikwa. Hiyo ni kumbukumbu tu, na msomaji atapita bila kushtuka. Mara ya pili kanzu imeshatolewa sadaka, na harufu ingalipo. Mara ya tatu, eda ikikaribia kwisha, mama mkwe anaingia chumbani, anavuta pumzi, anauliza: "Mwanangu, umejifukiza?" Sasa mzimu una gharama. Mjane akikana, anasema kweli na haaminiki. Akimtaja marehemu, ataitiwa mtu wa kumsomea. Kaa hapo, usiharakishe jibu lake.

Angalia na vitenzi. "Alikuwa akikohoa kabla ya kupiga hodi" ni kumbukumbu. "Akakohoa" ni tukio la usiku huu. Badili kitenzi kimoja tu katikati ya aya ya kumbukumbu, bila "ghafla" na bila radi. Na umeme usikatike, tafadhali! Ukikatika tu, msomaji ataanza kumsubiri mganga.

SWALI: Mtoto aliyekufa mchanga akirudi baada ya miaka mingi, awe na umri gani? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Akibaki mchanga, hadithi itamhusu mama aliyekwama siku ile ya msiba. Akiwa amekua, itahusu miaka ambayo mtoto hakuipata, na mwenye kuidai ni yeye. Toni Morrison, mwandishi wa Marekani, katika riwaya yake Beloved (1987), alichagua njia ya pili. Mtoto aliyeuawa na mamaye ili asirudishwe utumwani anarejea akiwa msichana mzima, ngozi laini kama ya kichanga, na anakunywa maji kikombe baada ya kikombe. Mwandishi haelezi papo hapo kwa nini ana kiu namna hiyo, na ndiyo maana tunaendelea kuiwaza.

Ukimkuza, mama atahitaji kitu cha kumtambulia ambacho umri haukifuti: kovu, au vidole vya mguu vilivyoungana. Kitaje mapema, kwa kupita tu, mama akimwogesha mtoto mwingine. Kikitokea mara ya kwanza kwenye utambuzi wenyewe, msomaji ataona umekizua papo hapo.