Wasomaji wanauliza: Hesabu ya watu na dini kwenye gaunpalika za Nepal

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nimesoma kuhusu gaunpalika (halmashauri ya vijijini) moja huko Nepal, wanasema imeundwa 2017 halafu idadi ya watu wameweka ya 2011, sasa walihesabuje watu wa sehemu ambayo haikuwepo? Na zile asilimia za Wahindu na Wabudha, kweli watu wa milima ileile wanagawanyika hivyo?

JIBU: Ndugu msomaji, la kwanza ni jepesi. Mwaka 2017 Nepal ilipanga upya serikali za mitaa, vijiji vya zamani vikaunganishwa ndo zikapatikana gaunpalika 460, na kwa kuwa sensa ya 2011 ilishapita kwenye vijiji hivyo wakajumlisha tu. Ila ukitaka hali ya karibuni chukua ya 2021, maana huko milimani sehemu nyingi watu wamepungua, vijana wameenda kutafuta kazi Qatar, Malaysia, Saudia, sensa iliandika zaidi ya watu milioni 2 wako nje ya nchi na hao hawahesabiwi kama wakazi wa kijijini.

Sasa dini, hapa ndo kwenye utamu. Kitaifa Wahindu ni asilimia 81, Wabudha 8, Waislamu 5, Kirat (wafuasi wa dini ya jadi) 3, Wakristo karibu 2, lakini usizibebe hizo ukazipeleke kijiji chochote tu, Waislamu wengi wako tambarare ya kusini, Kirat wako mashariki kwa makabila ya Warai na Walimbu, Wabudha ni wengi zaidi huko juu milimani. Na hata palepale mpaka hauko wazi kama jedwali linavyoonyesha. Kwenye hekalu la Muktinath kule wilaya ya Mustang Wahindu wanakuja kwa mungu wao Vishnu, wanapita chini ya mifereji 108 ya maji baridi ajabu, na Wabudha nao pametukuka kwao vilevile, watawa wa kike wa Kibudha ndo wanaotunza hekalu. Kuna familia zinaadhimisha sikukuu za pande zote mbili, karani wa sensa akifika anaandika dini moja basi.

Kirat nao walianza kuonekana peke yao kwenye sensa ya 1991, sio kwamba dini imezaliwa mwaka huo, mapokeo yao ya Mundhum wamerithishana kwa mdomo toka enzi za mababu.