Nile nini kabla ya kwenda kuanzishiwa uchungu?

SWALI: Dada mkunga habari za kazi. Mimi ni mama kijacho, mimba ya kwanza, nina wiki 41 na uchungu wenyewe haujaanza mpaka leo. Kliniki wamenipangia keshokutwa saa mbili asubuhi niende kuanzishiwa. Sasa ishu yangu ni chakula. Mama mkwe anasema nisile kabisa kuanzia usiku, maana lolote linaweza kutokea nikapelekwa upasuaji. Dada yangu anasema nile nishibe haswa kwa sababu kusukuma kunataka nguvu. Nesi aliyenipa tarehe hakugusia na mimi nikasahau kumuuliza. Na njaa ninayosikia siku hizi sio ya kawaida. Nimsikilize nani?

JIBU: Mdogo wangu, kula. Kama mimba yako haina tatizo lingine na hakuna mtu hospitali aliyekwambia ufike tumbo tupu, usiku kula chakula chako kama siku zote ulale, na asubuhi kula kitu chepesi kabla hujatoka nyumbani. Dada yako yuko sawa kuhusu nguvu ila hiyo ya kushiba haswa muachie mwenyewe.

Sababu yangu kubwa ni muda. Wengi wakisikia kuanzishiwa wanajua unafika unatundikiwa dripu na mchana una mtoto mkononi, na kwa mimba ya kwanza mara nyingi haiko hivyo. Mlango wa kizazi ukiwa bado mgumu na umefunga lazima ulainishwe kwanza, ama kwa dawa ya misoprostoli au dinoprostoni, ama kwa mpira mwembamba wenye kiputo ambacho wanakijaza maji kikiwa ndani, na hatua hiyo peke yake inaweza kuchukua masaa 12 mpaka 24, wengine inapitiliza. Ukishalainika ndo wanapasua chupa na kukuwekea dripu ya oksitosini, hapo ndo uchungu wenyewe unashika. Kwa hiyo siku nzima ni kawaida kabisa na siku mbili zinatokea. Na bado wodi inaweza kuwa imejaa siku hiyo ukaambiwa subiri kwanza wanaohitaji haraka wahudumiwe, unakaa hapo mpaka jioni hujaguswa. Sasa mtu aliyeacha kula toka saa mbili usiku wa jana yake, ikifika saa ya kusukuma kashamaliza siku nzima na zaidi bila kitu tumboni, kachoka, kichwa kinauma, anatetemeka, na hapo ndo anatakiwa atoe nguvu zote alizonazo.

Mama mkwe wako usimuone anakutakia njaa, hofu yake ina historia. Mwaka 1946 daktari mmoja wa New York, Curtis Mendelson, alitoa ripoti ya mimba 44,016 zilizopita hospitali moja kati ya 1932 na 1945, akakuta wanawake 66 ambao wakiwa kwenye dawa ya usingizi vitu vya tumboni vilipanda vikaingia kwenye mapafu, na wawili walikufa kwa kuzibwa na chakula kigumu. Enzi hizo mama alivutishwa dawa kwa barakoa usoni bila mpira wowote wa kukinga njia ya hewa. Baada ya hapo hospitali nyingi duniani zikaweka sheria kwamba akiingia leba hali kitu, na sheria ikabaki hata mambo yalipobadilika. Sasa hivi upasuaji mwingi wa uzazi unafanyika kwa sindano ya mgongo, mama yuko macho na koo lake linafanya kazi, na wakilazimika kumpa nusu kaputi wanamuwekea mpira kwenye koromeo na dawa ya kupunguza asidi ya tumbo.

Mwaka 2013 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa wataalamu wanaochambua tafiti za afya, yalikusanya tafiti tano zenye wanawake 3,130 ambao hawakuwa na dalili ya kuhitaji usingizi, wakaona kuwazuia kula na kunywa wakati wa uchungu hakukuwaongezea usalama wala hakukuwaletea madhara. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2018 linapendekeza mama mwenye hatari ndogo ale na anywe akiwa kwenye uchungu. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani chenyewe bado kinasema vinywaji vyepesi ruksa, chakula kigumu hapana. Unaona hata wakubwa hawajakubaliana, na kuna hospitali ambazo mtu wa kuanzishiwa hawamuweki kwenye kundi la hatari ndogo. Kwa hiyo leo hii piga simu wodini au pita, uliza maswali mawili tu: nile mpaka saa ngapi, na nikishafika naruhusiwa nini. Jibu watakalokupa wao ndo la kufuata hata kama linapingana na langu, kwa sababu wao wana faili lako mkononi.

Haya, sasa sahani. Unachotaka ni wanga unaokaa na wewe muda mrefu, na protini kidogo, na mafuta machache kadri unavyoweza. Usiku kula wali au viazi vya kuchemsha na samaki au kuku asiyekaangwa, na mboga. Asubuhi kabla ya kutoka, uji, au mkate na yai la kuchemsha, au ndizi mbivu na mtindi, yani kile tumbo lako limekizoea, siku hiyo sio ya kujaribu kitu kipya. Chipsi, nyama ya mafuta, maandazi na pilipili kali viache, na hapa nakazania kwa sababu mafuta yanachelewa kutoka tumboni, uchungu ukishika tumbo linapunguza kasi ya kusaga, na homoni za ujauzito zimeshalegeza ule mlango wa juu wa tumbo, ndo maana unapata viungulia. Wanawake wengi wanatapika wakiwa leba na kilichoko tumboni ndo hicho kinachorudi, uji ukirudi utasukutua mdomo uendelee, mafuta yakirudi utaumia koo lote.

Ukishawekewa dawa ya kulainisha na bado maumivu ni ya mbali, kama wanaruhusu endelea kula vidogo vidogo, usisubiri njaa ikupige. Uchungu ukikaza wengi hamu inaondoka yenyewe, usijilazimishe, hamia kwenye vinywaji. Maji, chai ya rangi yenye sukari, juisi iliyochujwa. Chai ya maziwa wataalamu wa usingizi wanaihesabu kama chakula kwa hiyo usije ukasema hujala kumbe umekunywa vikombe viwili. Ukichomwa pethidini au dawa nyingine kali ya maumivu ya kundi hilo, chakula kigumu acha hapo hapo maana inalilaza tumbo kabisa. Na maji usiyafakamie ukiwa kwenye dripu ya oksitosini, dawa hiyo inafanya mwili ushikilie maji, mtu akinywa malita kwa malita chumvi ya damu inashuka na hilo ni hatari kwake na kwa mtoto. Funda chache kila baada ya muda, inatosha.

Na kama mambo yakigeuka ukaambiwa upasuaji, mtaalamu wa usingizi atakuuliza umekula nini na saa ngapi. Mwambie ukweli wote hata kama ulikula kwa kujificha. Hawatakugombeza, na wakigombeza acha wagombeze, wanachohitaji ni kujua wakulinde vipi.

SWALI: Mimi nina sukari ya mimba na natumia insulini, naanzishiwa wiki ijayo nikiwa wiki 39. Hayo ya kula chepesi asubuhi yananihusu? Naogopa sukari kupanda na naogopa kushuka.

JIBU: Yanakuhusu kwa masharti. Kwako chakula na sindano vinakwenda pamoja, ukibadilisha kimoja bila kingine ndo unaanguka. Hakikisha kabla ya siku hiyo umeandikiwa kwenye karatasi, sio kuambiwa kwa mdomo, usiku uchome kiasi gani, asubuhi uchome au uache, na ule nini. Metfomini, vile vidonge vya kushusha sukari, vilevile kwa wanaoitumia. Wakishakuanza watakupima sukari mara kwa mara, na mwongozo wa Uingereza kwa mfano unataka ikae kati ya 4 na 7 (kwa kipimo cha mmol/L) muda wote wa uchungu, kwa sababu ya mama ikiwa juu mtoto anatengeneza insulini nyingi halafu akizaliwa sukari yake inaporomoka. Chai ya sukari na juisi niliyomwambia mwenzako hapo juu wewe usiguse bila kuuliza, labda umeanza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, hapo mwite nesi mara moja. Beba kipimo chako cha nyumbani na kitu cha sukari mkobani.

Na wenye presha ya mimba au dalili za kifafa cha mimba msome kwa tahadhari hiyo hiyo, nyie uwezekano wa kuingizwa chumba cha upasuaji ghafla uko juu zaidi na wodi inaweza kuwanyima chakula kwa sababu za msingi.

SWALI: Shosti wangu alikula tende mwezi mzima akazaa haraka, na kuna bibi kanipa dawa ya mizizi ninywe asubuhi ya siku ya kuanzishiwa ili njia ifunguke kabla. Na mafuta ya nyonyo je?

JIBU: Tende hazina neno. Kuna utafiti wa Jordan wa mwaka 2011, wanawake 69 walikula tende sita kwa siku wiki nne za mwisho wakalinganishwa na 45 ambao hawakula, na waliokula walifika hospitali njia imefunguka zaidi na asilimia 96 walianza uchungu wenyewe dhidi ya asilimia 79. Ni utafiti mdogo na wanawake hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo usiweke matumaini yote hapo, na kula bakuli zima usiku mmoja kabla ya kuanzishiwa hakutafidia hizo wiki nne. Mwenye sukari azipunguze sana.

Mizizi usinywe. Nakuomba kabisa. Baadhi ya dawa za asili za uzazi zinabana kizazi kweli, hilo sibishani na bibi, lakini hakuna anayejua umekunywa kiasi gani cha nguvu gani, halafu unafika hospitali unawekewa misoprostoli juu yake. Kizazi kinabana bila kupumzika, mtoto anakosa hewa kila kinapobana, na kizazi kinaweza kupasuka, hasa kwa aliyewahi kupasuliwa. Kama umeshakunywa, sema ukifika kabla hujawekewa chochote, ili wakuangalie kwanza na wajue waanze vipi. Mafuta ya nyonyo nayo yanakuharisha na kukutapisha ukafika leba umeishiwa maji, achana nayo.

SWALI: Mke wangu anaenda kuanzishiwa, mimi ndo nitakaa naye. Nimbebee nini, na mimi nile wapi?

JIBU: Asante kaka kwa kuuliza. Yeye mbebee ndizi mbivu, biskuti kavu zisizo na krimu, mkate, juisi ya kuchuja, chupa ya maji yenye mrija maana akiwa amelala ubavu na dripu mkononi kuinua chupa ni kazi, na mafuta ya midomo kwa sababu inakauka sana. Vyote viulizie kwanza kwa nesi kabla hujampa, na upya kila anapopewa dawa mpya. Wewe beba chakula cha siku nzima, kula nje ya chumba, na usirudi unanuka vitunguu au kahawa, wengi wakiwa kwenye uchungu harufu tu inawatapisha. Na andika kwenye simu kila alichokula na saa, akiulizwa mwenyewe kwenye maumivu hatakumbuka.