Maswali ya Wasomaji: Tukistaafu, Tukae Wapi Jijini?

SWALI: Mimi na mume wangu tunastaafu mwakani. Tumeishi jijini tangu ujana wetu, na hatuna nia ya kuondoka. Nyumba tunayokaa sasa ni ya mwajiri, kwa hiyo ni lazima tuiachie, na mbele yetu zipo njia tatu. Ya kwanza ni nyumba ya vyumba vinne yenye uwanja mpana pembezoni mwa jiji, ambayo tunaweza kuinunua kwa kiinua mgongo chetu, ingawa kitakachobaki ni kidogo. Ya pili ni fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya sita, katika mtaa wa zamani ambao nimekuwa nikipita kwa miaka mingi nikienda kazini, na hiyo ni ya kupanga. Ya tatu ni kuhamia karibu na binti yetu, ambaye anatusihi twende, lakini huko hatumjui mtu mwingine. Mume wangu anaendesha gari, mimi siendeshi, na magoti yake yameanza kumsumbua. Yeye anautaka ule uwanja. Mimi moyo wangu uko kwenye ule mtaa wa zamani. Tufanye lipi?
— Mstaafu mtarajiwa

JIBU: Dada yangu, sehemu kubwa ya jibu imo katika sentensi moja ya barua yako, ambayo pengine uliiandika kwa haraka: mume wako anaendesha gari, na wewe huendeshi. Nyumba ya pembezoni ni nyumba ya mtu mwenye gari. Ikiwa mkate, dawa, benki na ibada vyote vinahitaji usukani, basi siku macho yake yatakapopungua nguvu au magoti yatakapogoma, ninyi wawili mtakuwa mmefungiwa ndani ya uwanja wenu mzuri. Liko pia swali ambalo wanandoa wengi hulikwepa, nami naomba radhi kuliuliza waziwazi: nyumba hiyo itakuwaje atakapobaki mmoja wenu, na huyo akawa wewe? Kabla ya kuhesabu vyumba, kila moja ya njia hizo tatu ipimwe kwa swali hilo.

Watu wanapotafuta makazi ya uzeeni huichunguza sana nyumba na kuusahau mtaa, ilhali mtaa ndio unaoweza kumwokoa mtu. Mwezi Julai 1995 jiji la Chicago lilipigwa na joto kali lililoua watu zaidi ya 700 kwa muda wa takriban wiki moja, wengi wao wakiwa wazee walioishi peke yao. Mwanasosholojia mmoja aliyelinganisha vitongoji viwili vinavyopakana, North Lawndale na South Lawndale, vyote vikiwa na umaskini na wazee wapweke kwa kiwango kinachokaribiana, alikuta kwamba kiwango cha vifo katika kile cha kwanza kilikuwa takriban mara kumi ya kile cha pili. Maelezo yake ni kwamba South Lawndale ilikuwa na maduka yaliyo wazi na njia zenye watu mchana kutwa, hivyo mzee alikuwa na sababu ya kutoka nje, mahali pa kuingia apumzike, na macho ya watu ambao wangeshangaa wasipomwona. Kule kwingine maduka yalikuwa yamefungwa, viwanja vimebaki vitupu, na wazee walijifungia ndani kwa hofu. Ndiyo maana siuchukulii moyo wako kuwa kwenye ule mtaa wa zamani kama jambo la hisia tu. Muuza magazeti anayekujua kwa uso ni sehemu ya ulinzi wako.

Hata hivyo, mtaa unaoupita ukienda kazini si lazima uwe mtaa unaokaliwa vizuri, kwa hiyo uupime kwa miguu. Nendeni wote wawili, asubuhi moja na jioni moja, na mara moja baada ya mvua, mkiwa na mfuko wenye uzito wa kilo tano mkononi kana kwamba mmetoka kununua mahitaji. Hesabuni dakika kutoka mlangoni hadi kituo cha basi, duka la dawa na zahanati, kwa mwendo wa mume wako na si kwa mwendo wako. Angalieni kama njia ya waenda kwa miguu inapitika au imejaa magari yaliyoegeshwa, kama kuna mahali pa kuketi katikati ya safari, na kama kuna choo cha umma kinachofunguliwa. Msione haya kuuliza habari za choo. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu miji inayowafaa wazee, uliotokana na mazungumzo na wazee wenyewe katika miji 33, na mabenchi na vyoo ni miongoni mwa mambo waliyoyataja.

Kwenye kivuko chenye taa, chukueni saa. Katika nchi nyingi muda wa kuvuka hupangwa kwa kukadiria mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde. Barabara yenye upana wa mita 12 hupewa basi sekunde 10 hivi, lakini mtu mwenye magoti mabovu, anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde, atakuwa amefika mita ya nane taa inapobadilika, na mita nne zilizobaki atazivuka magari yakimpigia honi. Singapore ilianza mwaka 2009 kuweka mahali ambapo mzee hugusisha kadi yake kwenye nguzo ya taa na kuongezewa sekunde kadhaa. Pasipo na utaratibu kama huo, barabara kuu moja kati yenu na duka la dawa inatosha kuwafanya msitoke.

Sasa niiseme fleti yenyewe. Ghorofa ya sita ni juu mno. Najua lifti ipo. Niliwahi kupanga ghorofa ya tano katika jengo lenye lifti mbili, moja ikaharibika, ya pili ikazidiwa kazi nayo ikazimika, na kwa wiki tatu jirani yangu mwenye umri wa miaka 71 hakushuka chini hata mara moja. Tulimpelekea maji na mahitaji kwa zamu, naye akawa anatushukuru kwa aibu, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Muulizeni mlinzi wa jengo, si mwenye nyumba, lifti iliharibika mara ngapi mwaka jana na ilichukua siku ngapi kutengenezwa, na kama umeme ukikatika ipo jenereta inayoiendesha. Ikiwa ghorofa ya sita ndiyo ya mwisho chini ya paa, kuna hoja ya ziada: uchunguzi uliofanywa baada ya joto lile la Chicago uliwakuta waliokaa ghorofa ya juu kabisa wakiwa katika hatari zaidi. Tafuteni ghorofa ya chini, ya kwanza au ya pili, kimo ambacho mtu anaweza kukipanda taratibu akishika reli.

Ndani, bafu litazameni kwa makini kuliko sebule. Kuanguka ni sababu ya pili duniani ya vifo vinavyotokana na ajali, baada ya ajali za barabarani, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Sakafu isiyoteleza, ukuta imara unaoweza kufungiwa vishikio, mlango wenye nafasi ya sentimita 80 ili kiti cha magurudumu kipite, na swichi ya taa inayofikiwa kutoka kitandani: hayo yana thamani kuliko chumba cha nne ambacho kitakuwa cha kuwekea masanduku.

Kuhusu hospitali, fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtu akipatwa na kiharusi kinachosababishwa na damu kuganda, dawa ya kuyeyusha bonge hilo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na katika muda huo mgonjwa anatakiwa awe amekwisha kufikishwa, kupokewa na kupigwa picha ya ubongo. Kwa hiyo, wakati mnapoitazama nyumba ya pembezoni, safirini hadi hospitali yenye huduma ya dharura katika saa ya msongamano mkubwa kabisa, ili mjue muda halisi wa safari hiyo. Umbali wa kilomita kwenye ramani hausaidii kitu hapa.

Nyumbani kwa binti yenu ni jambo zito, na sitaki kulipuuza, kwani mwito wa mtoto ni neema. Lakini binti anaweza kuhamishwa kikazi, naye akienda mtabaki katika mtaa ambao yeye ndiye aliyekuwa kiungo chenu pekee. Wajapani husema juu ya wazazi na watoto kukaa katika umbali ambao supu haipoi njiani, yaani karibu kiasi cha kupelekeana chakula, lakini kila mmoja na mlango wake. Kama mtaa wa zamani unafikiwa kutoka kwa binti yenu kwa basi moja bila kubadilisha, hiyo inatosha. Mkitaka kwenda kwake, basi nendeni kwanza mkae miezi miwili, na muone kama mnapata watu wenu wenyewe wa kuzungumza nao siku ambazo yeye yuko kazini, ambazo ni siku nyingi.

La fedha nitalisema kwa ufupi. Kiinua mgongo hulipwa mara moja tu. Kukizamisha karibu chote katika nyumba ni kubaki na kuta na pensheni, na paa likivuja huwezi kuuza chumba kimoja ili ulitengeneze. Kupanga nako kuna hatari zake, kwani kodi hupanda kuliko pensheni, kwa hiyo ombeni mkataba wa muda mrefu unaotaja kiwango cha juu cha nyongeza, na muulize ada za jengo zinalipwa na nani. Kwa maoni yangu, pangeni katika mtaa wa zamani, si katika fleti hiyo bali katika nyingine ya chini zaidi, kwa mwaka mmoja, na fedha ziwekwe mahali salama mpaka mwaka huo uishe. Mume wako apate roshani au kipande cha bustani ya jengo cha kutunza, maana uwanja anaoutaka pengine si uwanja. Ni kazi ya mikono baada ya miaka mingi ya ofisini.

SWALI: Mimi ni mjane, na ninashawishiwa kulipa kiasi kikubwa cha kuingia katika makazi maalumu ya wazee jijini, yenye muuguzi na jiko la pamoja. Je, ni busara?
— Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Yanaweza kukufaa, hasa ikiwa upweke unakuelemea kuliko unavyopenda kukiri. Ombi langu ni kwamba usiamue siku ya kutembezwa, kwani siku hiyo maua hupangwa na sauti hushushwa. Nenda bila kutangaza, saa ya chakula cha mchana, uketi mezani na wakazi uwasikilize: wanaongea wao kwa wao, au kila mtu anatazama sahani yake? Uliza usiku anakuwepo nani, na kama muuguzi huyo anakaa hapo au huja mara mbili kwa wiki.

Kisha uchukue mkataba nyumbani ukausome na mtu anayezijua sheria, ambaye halipwi na makazi hayo. Tazama ada ya mwezi inaweza kupandishwa mara ngapi, ni nani anayeamua kwamba hali yako sasa inahitaji huduma ya gharama zaidi, na kama unaruhusiwa kubaki ukishindwa kujihudumia au utatakiwa kuhama wakati ambao huna nguvu za kuhama. Soma kwa makini zaidi kifungu kinachohusu fedha ya kuingilia: kiasi gani kinarudishwa ukiondoka baada ya miezi sita, kiasi gani warithi wako watapata, na kwa muda gani. Ukijibiwa kwa mdomo tu, omba jibu hilo liandikwe na litiwe sahihi kabla hujalipa chochote.