Mitamba Ishukapo Kutoka Milimani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na familia yangu tunaishi Munich. Jirani yetu anasisitiza kwamba mwezi wa Septemba tusikose kwenda Allgäu, eneo la milima kusini mwa Ujerumani, kutazama ng'ombe wakishushwa kutoka milimani. Sherehe hiyo ina maana gani?

JIBU: Ndugu msomaji, jirani yenu amewashauri vyema. Sherehe hiyo huitwa Viehscheid, yaani kutenganisha mifugo, kwa kuwa mitamba ya wafugaji wengi, ambayo imelishwa pamoja kwa takriban siku 100 kwenye malisho ya juu ya milima ya Alps, hurudishwa bondeni na kila mmoja kukabidhiwa mwenyewe. Mtazameni hasa anayetangulia: akiwa amevikwa shada la maua na matawi ya mlimani, fahamuni kwamba kiangazi kimepita salama, lakini endapo kundi lilipatwa na ajali wakati huo, shada hilo haliwekwi. Kwangu mimi, heshima hiyo kwa mnyama aliyekufa, inayotolewa mbele ya umati bila kutamkwa neno, ndiyo kiini cha siku nzima, kuliko hata kengele kubwa zinazosikika kabla kundi halijaonekana.

Baadaye kuna gulio, muziki na hema la bia. Vijiji kama Bad Hindelang na Oberstdorf huwa na siku zao, kwa hiyo hakikisheni tarehe mapema, mfike asubuhi, na watoto washikwe mkono kando ya barabara.