Nataka kuwa daktari wa maumivu, nilipie kozi ipi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni MD, yaani daktari wa digrii ya kwanza, nilimaliza intaniship mwaka juzi, nipo kituo cha afya huku Tabora. Wagonjwa wa mgongo na wa miguu kuwaka moto hawaishi, nawapa diklofenaki ya kutuliza maumivu, wiki mbili haziishi wamerudi. Nimeona kozi ya mtandaoni ya miezi sita unapata cheti cha spesholisti wa maumivu, afu kuna nyingine ya siku mbili ya kuchoma sindano za stiroidi (dawa za kupunguza uvimbe) mgongoni. Nilipie ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usilipe yoyote, hela yako iweke kwanza.

Nianze na hiyo ya siku mbili maana ndo inayoniogopesha. Stiroidi nyingi tunazozijua, kama triamsinoloni, zina chembechembe, sasa ukichoma pembeni ya uti wa mgongo hasa shingoni na ncha ikaingia kwenye mshipa mdogo unaolisha uti, zile chembe zinaziba mshipa na mtu aliyeingia kwa miguu yake anatoka kwa machela. Siyo stori za kutishana, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu sindano hizi mwaka 2014, ni madhara ya nadra lakini yakitokea yametokea. Ndo maana wanaozichoma wanatumia fluoroskopi, eksirei inayoonyesha sindano ikiwa inaingia, wanaweka kwanza rangi waone inaelekea wapi, na shingoni wengi wanachagua deksamethasoni kwa sababu haina chembe. Hapo kituoni kwako unayo hiyo mashine? Basi. Mkono wa sindano unafundishwa ukiwa umesimama na mtu nyuma yako anakwambia rudisha, na hilo halitoshi siku mbili.

Ubobezi wa maumivu ni ghorofa ya pili. Ghorofa ya kwanza ni MMed, digrii ya ubingwa, na njia iliyozoeleka ni udaktari wa usingizi, pale MUHAS, chuo cha afya cha Muhimbili, ni miaka 3. (Najua mnatudharau watu wa nusu kaputi, mtakuja tu.) Baada ya hapo ndo feloshipu, mafunzo ya ubobezi, kwa kawaida mwaka mmoja. Hata Marekani ni miezi 12, lakini baada ya residensi (mafunzo ya ubingwa kazini) ya usingizi, nyurolojia, saikiatria au tiba ya viungo, hakuna anayetoka MD akaruka moja kwa moja. Kwa sisi wa nchi zetu ulizia Bangkok, Hospitali ya Siriraj, wamepokea madaktari kutoka nje kwa feloshipu ya maumivu. Mtihani wa FIPP wa World Institute of Pain, wa madaktari wa sindano za maumivu, utausikia sana, huo ni wa mtu ambaye tayari anachoma, usikutoe kwenye reli sasa hivi.

Kwa sasa tafuta kozi ya Essential Pain Management. Ilianzia Papua New Guinea 2010, ni ya siku moja tu na haikuiti spesholisti, inakufundisha kuyatambua maumivu, kuyapima, kuyatibu. Hapo kwenye kupima ndo tunapofeli wengi. Miguu kuwaka moto ni neva, diklofenaki utampa mpaka figo zilie. Mpime sukari, muulize VVU, muulize kama anameza dawa za TB maana isoniazidi inaharibu neva na vitamini B6 ndo kinga yake. Amitriptilini miligramu 10 mpaka 25 usiku inasaidia wengi, ila mzee mwenye shida ya moyo au tezi dume kuwa makini naye.

Na mgongo, jamani. Huku Kigoma nilimpokea mvuvi amechomwa diklo miezi kibao sehemu mbalimbali, kila mtu anasema ni kuvuta nyavu. Nikamvua shati nikapitisha kidole kwenye pingili, moja imechomoza. TB ya mgongo. Kwa hiyo wako wa kesho mvue shati kwanza, na akikwambia anakojoa kwa shida au miguu inakufa ganzi usimwandikie dawa, mpeleke hospitali ya Kitete siku hiyohiyo.